Kiolesura Chema Hujulikana Mtu Anapokosea

Ukikabidhiwa programu mpya uipime, usianze na ukurasa wake wa kwanza. Huo ndio ukurasa uliohangaikiwa kuliko zote: ndio alioonyeshwa mwalimu, ndio uliopigwa picha ukatiwa kwenye ripoti ya mradi. Nenda moja kwa moja mahali pa kuandika nambari ya simu, andika tarakimu tisa badala ya kumi, kisha bonyeza kitufe cha kuendelea. Hapo ndipo unapoanza kumjua fundi.

Programu mbovu itakaa kimya, au itakurushia maandishi mekundu yenye msimbo ambao maana yake anaijua aliyeuandika peke yake. Ya wastani itasema umekosea, kisha itafuta kila ulichokwisha kujaza, jina lako na nambari ya kitambulisho pia, uanze upya. Nzuri itasema nambari imepungukiwa na tarakimu moja, itaziacha zile tisa pale pale, na itakuweka mwisho wa mstari uongeze iliyobaki. Iliyo bora zaidi itapokea nambari vyovyote ijavyo: ikianza na 07, ikianza na +254, au ikiwa na nafasi katikati kwa sababu umeinakili kutoka kwenye orodha ya simu. Halafu jaribu nambari inayoanza na 01. Nambari hizo zimekuwa zikitolewa Kenya tangu 2019. Programu inayozikataa leo imeshakueleza habari zake: aliyeitengeneza alichukua masharti ya zamani, na katika watu wote aliowajaribia hakuwemo hata mmoja mwenye laini mpya.

Somo linaloshughulikia mambo haya vyuoni huitwa Mwingiliano wa Binadamu na Kompyuta. Kiini chake ni kiolesura, yaani ile sehemu ya programu au mashine ambayo mtu huiona, huigusa na kujibizana nayo. Vijana wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanaosomea kompyuta huvuka kwa feri, kwa daraja la Nyali au kwa njia ya Makupa kwenda kulisoma katika kisiwa cha Mombasa, wengine katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kule Tudor, wengine katika matawi ya vyuo vya Nairobi na kwingineko. Huko hukutana na kanuni kumi za Jakob Nielsen za mwaka 1994, kanuni ya Paul Fitts ya 1954, na kitabu cha Don Norman cha 1988 kuhusu vitu tunavyovitumia kila siku. Ni maarifa mazito na kila mwanafunzi ayajue. Lakini zipo ripoti za miradi ambamo kanuni zote kumi zimetajwa kwa zamu, kila moja ikiwekewa alama ya vema, na programu yenyewe haitumiki. Kukariri ni jambo moja, kuwa na jicho ni jingine. Msimamo wangu ni huu: ubora wa kiolesura hupimwa pale mtu anapokosea, anapokatizwa, au anapoingiwa na shaka. Anapofanya kila kitu sawasawa, hata kazi duni hupita.

Mfano bora wa kujifunzia tunao mkononi kila siku. M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom Machi 2007, ila sehemu yenye mafunzo zaidi ni ya kabla ya hapo. Majaribio yalianza Oktoba 2005, na nia ilikuwa wateja wa shirika la mikopo midogo la Faulu waweze kupokea na kulipa mikopo yao kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, walioiongoza kazi hiyo, wakaanza kuona watu wanafanya mambo ambayo hakuna aliyeyapanga. Walikuwa wanatumiana pesa. Walikuwa wanalipana kibiashara. Wengine waliweka pesa kwa wakala kabla ya safari wakazitoa walikofika, wasiporwe njiani. Wengine walizilaza humo usiku kucha kwa ajili ya usalama. Huduma iliyoingia sokoni 2007 haikuwa ya kulipa mikopo tena. Ilikuwa ya kutuma pesa nyumbani, kwa sababu hicho ndicho watu walichoonekana wakikifanya.

Mwanafunzi wa somo hili aitafakari hatua hiyo kwa makini. Waliokuwa na mpango waliutazama ukivunjwa na watumiaji, na badala ya kuwafundisha watumiaji kuufuata, waliubadilisha mpango. Unapopima kazi ya mtu, uliza ni kitu gani kilitolewa baada ya kuwatazama watu. Kama hakuna kilichotolewa, basi hakuna aliyetazamwa.

Sasa itazame menyu yenyewe kwa karibu. Tuma pesa. Andika nambari. Andika kiasi. Weka PIN. Kila skrini ina swali moja, na kila swali lina jibu ambalo mtu analo tayari kichwani au kwenye karatasi mkononi. Haikuulizi barua pepe, wala haikulazimishi ufungue akaunti kwa jina la kubuni. Mama muuza mahamri wa Mtongwe aliyeanza kuitumia miaka hiyo hakuhitaji kufundishwa zaidi ya mara moja. Wepesi huo ulitengenezwa kwa makusudi, na mtu akidhani umetokea tu, ajaribu kuutengeneza.

Hata hivyo kulikuwa na pengo moja, na pengo hilo lilikuwa pale pale tunapopaswa kutazama kwanza. Ukikosea tarakimu moja ya nambari, pesa zilikuwa zinaenda kwa mtu usiyemjua, na ujumbe wa kukuonyesha jina lake ulikuwa unakuja zikiwa zimeshafika. Miaka kadhaa baadaye likaja suluhisho lililoitwa Hakikisha. Katika menyu ile ya laini, ukishaweka PIN, jina la mpokeaji hutokea kwenye skrini, na una sekunde chache za kusitisha kwa kuandika herufi au tarakimu yoyote. Ukinyamaza, pesa huenda.

Mwenye jicho hasemi hapa kwamba ni zuri au baya akaondoka. Huuliza kwanza kwa nini kunyamaza kumefanywa kuwe ndiyo. Sababu ipo, na ni ya busara: mara nyingi mno nambari huwa sahihi. Ukimlazimisha kila mtu abonyeze kitufe cha kukubali kila mara, baada ya wiki mbili kidole chake kitakuwa kinabonyeza chenyewe, macho hayasomi, na ulinzi umekufa. Kisha huuliza ni nani anayeumia kwa uamuzi huo. Huyo naye yupo: mzee asomaye polepole, mwenye kabambe, yaani simu ya vitufe, ya skrini ndogo, aliyeacha miwani nyumbani. Anapoanza kulisoma jina la pili, muda umekwisha. Ndiyo maana mimi naupa nafasi ya juu zaidi mpangilio wa kuonyesha jina kabla ya PIN. PIN ndilo tendo ambalo mtu hulifanya kwa kukusudia; linapokuja mwisho, jina likiwa mbele ya macho, mtu hupata muda wake mwenyewe wala hakimbizwi na saa.

Kuna jambo jingine la kuangalia hapo. Watu wamegundua kwamba hatua hiyo huwapa jina la mwenye nambari ngeni. Mtu akipigiwa simu asiyoijua, huanza kama anayetuma pesa, akaliona jina, kisha akasitisha. Watengenezaji walikusudia kuzuia makosa, watumiaji wakapata daftari la majina. Kila kiolesura kinachotumiwa na umma hupata matumizi ya namna hii, mengine ya manufaa, mengine ya hatari kwa faragha ya watu. Mpimaji mzuri huyatafuta kabla hayajatokea.

Ujumbe wa kuthibitisha nao ni darasa tosha. Una nambari ya muamala, kiasi, jina la aliyetumiwa, tarehe na saa, salio lililobaki, na gharama. Kwa mtumaji aliyekaa nyumbani, mpangilio huo unamtosha. Lakini panda matatu ya kutoka Changamwe kwenda mjini, utazame abiria aliyelipa nauli kwa simu. Makanga anataka kuona pesa imeingia, abiria anamnyooshea simu, na utaona kidole gumba kimefunika sehemu ya chini ya ujumbe. Anaficha salio lake. Gari zima halihitaji kujua amebakiwa na shilingi ngapi. Kidole kile kinasema mengi kuliko dodoso la kurasa kumi: maandishi yaliyotungwa yasomwe na mtu mmoja yamekuwa stakabadhi ya kuonyeshwa mtu mwingine, na stakabadhi haihitaji salio. Mwanafunzi akiniletea mradi uliozaliwa na kidole kile, nitaupokea kwa furaha kuliko mradi wa kumi wa kuagiza chakula.

Nimesema tupime pia pale mtu anapoingiwa na shaka. Hapa lazima twende mbali kidogo. Alfajiri ya 28 Machi 1979, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, Marekani, vali moja ilipaswa kujifunga ikabaki wazi. Kwenye ubao wa waendeshaji taa yake ilizimika, nao wakaamini vali imefungwa. Kumbe taa ile ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imepelekwa. Haikuonyesha vali yenyewe iko katika hali gani. Maji ya kupoza kinu yakaendelea kutoka kwa zaidi ya saa mbili, na sehemu kubwa ya kiini cha kinu ikayeyuka. Don Norman, aliyekuwa mwanasaikolojia, alikuwa miongoni mwa walioitwa baadaye kuchunguza kwa nini waendeshaji walikosea. Alichokiona ni chumba cha udhibiti kilichojengwa kana kwamba kimekusudiwa kuwakosesha, na kazi yake ya ubunifu wa vitu ikachipuka kutokana na uchunguzi kama huo.

Taa ile tunayo kwenye simu zetu. Inaitwa "Ombi lako linashughulikiwa". Mwanafunzi amelipa karo saa tano usiku kabla ya dirisha la usajili kufungwa, pesa zimetoka, skrini imesema ombi linashughulikiwa, kisha ikarudi mwanzo. Je, chuo kimepokea? Alipe tena? Nimewasikia kina mama kwenye vibanda vya wakala wakiuliza swali hilo hilo kwa maneno machache zaidi: "Mwanangu, hii imeenda ama haijaenda?" Na kijana wa kibandani, kwa adabu, hujibu kwa kubahatisha: "Ngoja kidogo, mama."

Kiolesura kilichotengenezwa kwa uangalifu hutenganisha hali nne: ombi limepokelewa, liko njiani, limefika, limeshindikana. Kwa kila hali humwambia mtu afanye nini, na la muhimu zaidi, asifanye nini. "Usilipe tena, tutakuletea ujumbe kabla ya saa sita" ni maandishi mafupi yenye thamani kuliko mchoro wowote wa gurudumu linalozunguka. Jaribio lake ni rahisi. Anza kulipa, kisha washa hali ya ndegeni katikati ya malipo. Rudisha mtandao baada ya dakika moja. Angalia kama programu inakumbuka ulikuwa wapi, na kama itakuruhusu kulipa mara ya pili bila kukuonya. Programu nyingi za kupendeza huangukia hapo.

Tukitoka kwenye mantiki ya ndani tuje kwenye mwili na mahali. Skrini hupimwa huko inakotumiwa, na maabara yenye kiyoyozi na pazia siyo Likoni. Shuka mteremko wa feri saa saba mchana, jua likiwa utosini na jingine likipanda kutoka majini, umati umekubana pande zote, mkono mmoja umebeba mfuko. Sasa fungua programu ya mwanafunzi. Yale maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, yaliyoonekana ya kistaarabu darasani, hayapo tena. Miongozo ya kimataifa ya wavuti inataka maandishi ya kawaida yawe na tofauti ya mwanga isiyopungua 4.5 kwa 1 na rangi ya nyuma yake. Hicho ni kiwango cha chini. Kwa Likoni ya mchana, mimi hutaka zaidi.

Kidole gumba nacho kina haki zake. Fitts alionyesha kwamba muda wa kuifikia shabaha huongezeka kadiri shabaha inavyokuwa mbali na inavyokuwa ndogo. Waundaji wa Android wanapendekeza eneo la kugusa lisilopungua takriban milimita tisa kila upande. Chukua rula. Kipimo hiki hakina siasa wala maoni. Pia angalia kitufe cha kufuta kimekaa umbali gani na cha kuhifadhi. Vikiwa ubavu kwa ubavu, na gari liko kwenye mashimo ya Magongo, tayari unajua kitakachotokea.

Soko la Kongowea linaongeza mtihani ambao vitabu vingi havina. Muuza samaki ana mikono mibichi, na skrini ya kugusa yenye matone hukosa kuelewa kidole kiko wapi: hujibonyeza yenyewe, au hukataa kabisa. Muuza mchicha anashika simu kwa ncha za vidole asiichafue. Kioo kimepasuka kona ya juu kulia, pale pale mbunifu alipoweka kitufe cha menyu. Simu imejaa picha, haina nafasi ya kusakinisha kitu, na bando limebaki megabaiti chache. Hali hii ni ya watu wengi pande hizi siku nyingi za mwaka. Fundi anayejua hilo huweka kazi kuu chini ya skrini ambako gumba hufika, hufanya programu iwe nyepesi, na hujaribu kila ukurasa kwenye simu ya bei ya chini kabla ya kuigusa ile ya kwake.

Kisha kuna kabambe. Wanafunzi wengi huona huduma za kupiga nyota, zile zinazoanza na * na kuishia na #, ambazo kitaalamu huitwa USSD, kama kazi ya kizamani isiyostahili mradi wa mwaka wa mwisho. Nawasihi waitazame upya. Ujumbe mmoja wa USSD hauzidi herufi 182, nafasi na nukta zikiwemo. Hakuna rangi, hakuna picha, hakuna kitufe cha kurudi isipokuwa utakachokiandika mwenyewe, na kikao hukatika mtu akichelewa. Humo hakuna pa kujificha. Mpangilio mbovu wa mawazo unaonekana mara moja.

Zoezi ninalolipenda ni treni ya Madaraka Express, ambayo kituo chake cha Mombasa kiko Miritini, mbele tu ya Changamwe. Abiria walianza kuipanda 2017, na tiketi hukatwa kwa kupiga *639#. Piga nambari hiyo ukiwa na daftari. Andika kila swali kwa mpangilio wake. Jiulize ni lipi lingeweza kuja mapema zaidi. Bei, kwa mfano: tiketi ya daraja la kawaida hadi Nairobi ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, na kwa familia ya watu watano tofauti hiyo ni shilingi 2,500. Anayekata tiketi anahitaji kuijua bei na kama nafasi zipo kabla hajaanza kuandika majina na nambari za vitambulisho vya watu watano kwa kibodi cha tarakimu. Halafu piga tena, ukatize katikati kana kwamba umepigiwa simu, uone unarudi wapi. Mwanafunzi akimaliza zoezi hilo, mwambie auchore upya mtiririko wote kwenye karatasi, kila ujumbe chini ya herufi 182. Kazi hiyo ya saa chache humfunza uchumi wa maneno ambao programu ya simu janja itamruhusu aukwepe miaka mingi.

Kuhusu lugha nitasema kwa ufupi. Badilisha lugha ya simu iwe Kiswahili, kuza maandishi hadi kikomo, kisha pitia kurasa zote. Vitufe vilivyopimwa kwa maneno ya Kiingereza vitakata maneno yetu katikati, na maandishi makubwa yatasukuma kitufe cha kuendelea nje ya skrini. Hayo ni makosa ya mpangilio na hurekebishika kwa mchana mmoja. Kigumu ni Kiswahili kisichosemwa na mtu yeyote, kilichotolewa kwenye mashine ya kutafsiri na kubandikwa. Msomee bibi yeyote wa Kisauni sentensi hizo kwa sauti. Akikuuliza maana, zimeanguka.

Rangi, vivuli na michoro inayoteleza havinishughulishi sana. Anayenunua jahazi huangalia kalafati kabla ya rangi. Uzuri una nafasi yake na mtu huamini zaidi kitu kilichopangwa vizuri, ila uje mwisho.

Kinachosahaulika zaidi ni watu walio nje ya skrini. Aprili 2013 Google na Equity Bank walizindua BebaPay, kadi ya kulipia nauli ya matatu kwa kuigusisha tu kwenye kifaa cha makanga. Kama tendo la mkono, ni vigumu kulipata lililo rahisi kuliko hilo. Mwaka 2014 serikali nayo ikashinikiza nauli zote zilipwe bila pesa taslimu. Mwaka 2015 BebaPay ikafungwa. Dereva na makanga hupata riziki ya siku kutokana na pesa zinazopita mikononi mwao; humo mna mafuta, chakula cha mchana, na kile kinachobaki baada ya kumpelekea mwenye gari hesabu yake. Mfumo uliopeleka kila shilingi moja kwa moja kwenye akaunti uliwatoa katika hesabu hiyo, na hao ndio walioshika kifaa. Abiria naye alitakiwa kupata kadi na kuijaza pesa kabla ya safari, wakati mfukoni alikuwa na noti na kwenye simu alikuwa na M-Pesa. Miaka hii abiria wanalipa makanga kwa simu kwa hiari, kwa namba iliyobandikwa ndani ya gari, bila kadi yoyote. Basi unapopima mradi unaohusu matatu, bodaboda, wakala au zahanati, mwulize mwanafunzi akutajie kila mtu ambaye siku yake itabadilika programu ikifanya kazi, na anapata nini au anapoteza nini. Asipoweza, bado hajaanza.

Swali la watu lina upande mwingine tena. Vitabu vingi vya somo hili hudhani mtu mmoja, simu moja. Kwetu simu ya nyanya hushikwa na mjukuu, na PIN husemwa kwa sauti ya chini chumbani. Mkutano wa kwanza wa Afrika wa taaluma hii, AfriCHI, ulifanyika Nairobi Novemba 2016, na moja ya faida za kuwa na mkutano wetu wenyewe ni kwamba maswali ya namna hii hayahitaji tena kuombewa radhi. Kiolesura kizuri kwa nyanya huyo humwezesha mjukuu kumsaidia bila kumiliki akaunti yake. Sijaona mradi wa mwanafunzi uliolitatua hilo vizuri, na ni uwanja mpana unaomsubiri mtu.

Nafika sasa kwa namna ya kumjua mwanafunzi aliyejaribu kazi yake kweli. Usisome jedwali lake la dodoso. Ukimwuliza mtu wa pwani kama programu ya kijana wa watu ni rahisi kutumia, atakupa nne au tano kati ya tano, kwa sababu kumvunja moyo mtoto wa mwenzako ni utovu wa adabu. Alama hizo hupima adabu. Uliza badala yake: nani alishindwa, na alishindwa wapi? Aliyejaribu kweli atajibu papo hapo. Atakwambia fundi cherehani wa Bakarani alibonyeza picha badala ya kitufe, au bodaboda wa Shika Adabu aliisoma tarehe kama kiasi cha pesa. Atakuonyesha michoro aliyoitupa. Anayesema wote waliipenda hakukaa na mtu.

Namna ya kukaa na mtu nayo ni ufundi. Mpe kazi ya kufanya, usimtembeze. Mwambie, "Mtumie dada yako shilingi mia mbili," kisha nyamaza. Usimwonyeshe kwa kidole. Usimwambie "hapo juu". Kunyamaza huko ni kugumu kwa aliyekesha usiku mwingi akiandika msimbo, lakini kila neno atakaloongeza linaficha kosa moja. Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba kujaribu na watu watano hufichua sehemu kubwa ya kasoro, na wanafunzi wamelishika hilo kama ruhusa ya kuwaita marafiki watano wa bwenini. Watano wa darasa moja, umri mmoja na simu za aina moja ni kama mtu mmoja. Chukua mmoja kwenye foleni ya feri, mmoja Kongowea, mmoja getini mwa kiwanda Changamwe anapobadilishana zamu, mmoja mwenye miaka zaidi ya sitini, na mmoja ambaye hakumaliza shule ya msingi. Rekebisha, kisha tafuta watano wengine.

Mwalimu utakayesahihisha miradi muhula huu, nina ombi moja. Kabla hujaandika alama, itoe simu yenye programu ya mwanafunzi nje ya ofisi, umpe mlinzi wa lango au mama anayeuza chai, umwombe afanye kazi moja mwanafunzi akiwa amesimama kando bila kusema neno. Ziandike alama hapo hapo, na nusu yake itokane na kile kilichotokea alipokosea.